Miguu ya Fundi Cherehani: Kisa cha Mama Aliyekuja Kufunguliwa Figo

Mteja ni mama wa miaka hamsini na ushee, fundi cherehani wa Tanga, anashonea barazani kwake kwa cherehani ya kukanyaga. Ameridhia kisa chake kiandikwe. Jina lake na mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyaacha nje. Mimi kazi yangu ni kukanda nyayo kwa utaratibu wa refleksolojia, yaani kubonyeza nukta za unyayo ambazo ramani yake inazihusisha na viungo vya mwili. Nimeamua kukiandika kisa hiki kirefu kwa sababu kinagusa jambo linaloniuma sana katika fani yetu: tunacho kitu kizuri cha kuwapa watu, nacho ni mapumziko ya kweli, halafu wengi wetu tunakiharibu kwa kukiuza kama tiba ya maradhi tusiyoyajua.

Alikuja na binti yake. Binti ndiye aliyepiga simu, na ndiye aliyekuwa na haraka. "Mama halali usiku," akaniambia hata kabla hajakaa. "Tumeambiwa figo zimejaa sumu. Tunataka umfungue figo." Mama mwenyewe alivua kandambili, akaanza kusuguanisha nyayo zake taratibu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamgeukia yeye, nikamwuliza anasumbuliwa na nini. Akataja mambo matatu: usingizi unakatika, nyayo zinawaka moto kila jioni, na mwili unachoka hata asubuhi akiwa ndiyo kwanza ameamka.

Malalamiko hayo tunayasikia kila siku. Mtu akiyataja, mkono wenyewe unataka kushika chupa ya mafuta. Lakini kukatika kwa usingizi kuna namna nyingi. Yupo anayejilaza saa nne na kuhesabu mabati mpaka alfajiri kwa mawazo ya ada na kodi. Yupo anayelala vizuri kisha anashtuka saa nane za usiku moyo ukimwenda mbio. Na yupo anayeamshwa na kitu maalumu. Nikamwuliza huyu mama: wewe unaamshwa na nini?

"Haja ndogo, mwanangu."

"Mara ngapi kwa usiku?"

"Mara tatu, mara nne. Na nikitoka uani lazima nipitie mtungini, koo limekauka."

Binti akamtazama mama yake. Hakuwa analijua hilo, kwa kuwa yeye analala chumba cha mbele na choo kiko uani. Mama naye hakuona kwamba ni ugonjwa wa kusemwa. Alidhani ni umri. Ndipo kisa kilipogeuka. Mtu aliyeletwa kwangu kama mgonjwa wa usingizi alikuwa anakojoa sana usiku, ana kiu, amechoka, na nyayo zinawaka moto. Yeyote aliyewahi kuishi na mgonjwa wa sukari anaijua orodha hiyo.

Kuitazama miguu kabla ya kuipaka mafuta

Kabla sijamgusa mteja kwa mafuta huwa naitazama miguu yake kwenye mwanga wa dirisha. Naangalia kucha, katikati ya vidole, magaga ya kisigino, rangi ya ngozi, na kama mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake. Mguu mmoja uliovimba, wenye joto na maumivu kwenye nyama ya nyuma ya goti kwenda chini, haukandwi kabisa. Hapo huenda kuna damu iliyoganda ndani ya mshipa, na mwenye mguu huo anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Huyu mama hakuwa na hilo. Magaga alikuwa nayo, na gaga moja la kisigino cha kulia lilikuwa limechanika mpaka kwenye nyama. Karibu na kidole gumba palikuwa na vitobo viwili vidogo, kimoja kimeota gamba.

"Hapa umechomwa na nini?"

Akainama, akapatazama kwa mshangao. "Labda pini. Pini zinaanguka sana pale chini." Hakukumbuka kuchomwa. Fundi cherehani kuchomwa na pini si habari, ila kuchomwa mara mbili unyayoni bila kuhisi ni habari kubwa. Nikachukua pamba, nikamwomba afumbe macho na aseme "ndiyo" kila nikimgusa. Kwenye kifundo cha mguu alisema ndiyo kila mara. Juu ya mguu, ndiyo. Kwenye vidole alinyamaza, nami nilikuwa nimeshamgusa.

Hospitali wana kipimo chao cha jambo hili: kijiuzi cha nailoni kinachojikunja kikisukumwa kwa nguvu ya gramu 10, wanakigusisha sehemu mbalimbali za unyayo. Pamba yangu si kipimo cha kutaja ugonjwa. Ilitosha tu kunizuia nisiendelee.

Wengi wetu hapa ndipo tunapopotoka. Ramani ya refleksolojia inaonyesha kichwa kwenye kidole gumba, kifua na mapafu kwenye kitako cha vidole, tumbo na kongosho kwenye sehemu ya unyayo isiyogusa chini, figo katikati, nyonga kisiginoni. Ningeweza kubonyeza pale panapoitwa kongosho, kiungo kinachohusika na sukari ya mwili, mama akaguna, nikamwambia binti kwa sauti nzito kwamba nimeuona ugonjwa. Na kwa kuwa hatimaye kisukari kilikutwa kweli, ningepata sifa mtaa mzima, nami ningekuwa nimesema uongo. Unyayo wa mtu anayekanyaga cherehani kutwa huuma pale katikati kwa sababu ya kukanyaga. Sayansi ya mwili haijaona njia yoyote inayotoka kwenye nukta ya unyayo kwenda kwenye kongosho wala figo. Kilichonionyesha njia ni swali la haja ndogo, ganzi ya vidole na vitobo vya pini.

Mguu wa huyu mama ulikuwa na habari za kutoa, tena nyingi, lakini ulizitoa wenyewe kama mguu. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu, na kwa kawaida huanza na ile mirefu kuliko yote, inayofika ncha za vidole vya miguu. Ndiyo maana ganzi na moto huanzia chini na kupanda. Mishipa hiyo hiyo ikifa, pini inaingia na mwenye mguu hajui, kidonda kinaota, na huko mbele ndiko habari za kukatwa miguu zinakoanzia.

Ramani tunayoitumia, kwa asiyejua, haikutoka mbali sana kihistoria. Daktari wa masikio, pua na koo wa Hartford huko Marekani, William Fitzgerald, alichapisha mwaka 1917 pamoja na Edwin Bowers nadharia ya kuugawa mwili katika kanda kumi za urefu, kutoka kichwani mpaka vidoleni. Katika miaka ya 1930 Eunice Ingham, aliyefanya kazi na daktari Joe Shelby Riley wa Florida, akaiweka nadharia hiyo nyayoni na kuchora viungo vyote humo. Namheshimu Ingham kwa mikono yake na kwa uvumilivu wake. Mbinu ya kidole gumba kutambaa unyayoni kama kiwavi, kikijikunja na kujinyoosha bila kuruka mahali, bado naitumia kila siku ya kazi na sijaona iliyo bora. Ramani naichukulia kama utaratibu wa kuhakikisha mguu mzima umepitiwa, na mipaka yake naikomesha hapo. Pwani yetu hata kabla ya jina hilo ilikuwa na watu wa kukanda: wazazi waliotoka kujifungua walikandwa kwa maji ya moto, wazee walichuliwa miguu kwa mafuta ya nazi jioni, na hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba kidole chake ni ini ndipo apate raha.

Lile beseni

Nilirudi kwenye habari ya figo zilizojaa sumu, maana nilitaka kujua imetoka wapi. Ikawa hivi. Muuza virutubisho mmoja alifika mtaani na beseni lenye mashine ya umeme. Mtu anatumbukiza miguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, mashine inawashwa, na baada ya nusu saa maji yanageuka kahawia na povu linatanda. Mama aliambiwa ile kahawia ni uchafu wa ini, ile ya rangi ya chungwa ni ya maungio ya mifupa, na kwa jinsi maji yalivyokolea, figo zake zimechoka. Akauziwa unga wa mitishamba, akaambiwa aulambe kwa asali asubuhi na usiku. Fedha zilizolipia zilikuwa za vitambaa vya sare za shule, ambazo kwa fundi wa mtaani ndiyo msimu wa mwaka mzima.

Nieleze lile beseni kwa utulivu, kwa sababu watu wenye akili zao timamu wameliamini, na si ajabu: wameona kwa macho yao. Ndani ya mashine kuna vipande vya chuma. Umeme ukipita kwenye maji ya chumvi kati ya vipande hivyo, chuma kinaliwa, na kutu yake ndiyo inayoyapa maji ile rangi. Povu ni hewa inayotoka majini pamoja na mafuta na ngozi iliyolegea. Iwashe mashine ile ile kwenye maji ya chumvi bila kutia mguu wa mtu yeyote, maji yatageuka kahawia vile vile. Ngozi ya unyayo haina mlango wa kutolea sumu za figo. Figo hutoa taka zake kwa mkojo, na mkojo ndio ambao huyu mama alikuwa anautoa kupita kiasi usiku kucha, kwa kuwa sukari iliyozidi kwenye damu inapotoka kwa njia ya mkojo inavuta maji pamoja nayo. Halafu akawa anaongezewa asali mara mbili kwa siku.

Hilo la asali lilinikasirisha, na sioni haya kulisema. Mtu wa beseni hakumwuliza mama hata swali moja. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002, lipo Baraza la kuisimamia fani, upo usajili. Ila sheria haiwezi kukaa kwenye kila baraza la nyumba, na mtu wa kwanza wa kumlinda mteja ni yule aliyemshika mguu.

Siku ile nilifanya nini

Binti alitaka nianze. Walikuwa wametoka mbali, nauli imetumika, na mama alikuwa na hamu. Niliwaambia wazi kwamba nyayo sitazikanda leo, kwa sababu pana kidonda na pana ganzi: mteja mwenye ganzi hawezi kuniambia "punguza", na mimi naitegemea sana sauti hiyo. Binti alinuna. Nilimwelewa, ukikataa kutoa huduma bila kutoa kitu kingine, mtu anaona umemfukuza.

Nikamkanda mikono. Refleksolojia ina utaratibu wa viganja pia, na mikono ya fundi, inayoshika mkasi mzito na kunyoosha kitambaa kutwa, ina mengi ya kulegezwa. Nilitumia mafuta ya nazi kidogo, nikaanzia kwenye kifundo cha mkono, nikapanda taratibu kwenye kila kidole, nikamwomba apumue nje kwa muda mrefu kuliko anavyovuta ndani. Haukupita muda kichwa kikaanguka pembeni, akasinzia kwenye kiti. Binti akanyamaza mwenyewe. Alipozinduka mama alisema tu, "Alhamdulillah," akajinyoosha.

Kisha nikaandika karatasi ya kwenda nayo kituo cha afya. Neno kisukari sikuliandika, maana kutaja ugonjwa si kazi yangu. Niliandika nilichokiona na nilichoambiwa: anaamka usiku mara tatu au nne kukojoa, ana kiu, nyayo zinawaka, hahisi pamba kwenye vidole vya miguu yote miwili, ana mpasuko kisiginoni na vitobo viwili asivyokumbuka, anatumia unga wa mitishamba kwa asali. Na nikamwomba auchukue ule unga aende nao.

Walikwenda kesho yake asubuhi kabla ya chai. Sukari yake kabla ya kula ilikuwa zaidi ya milimoli 13 kwa lita ya damu, na kiwango kinachohesabiwa kuwa kisukari huanzia 7. Walirudia kipimo siku nyingine, jibu likawa lile lile. Akaanzishiwa metfomini, vidonge vya kushusha sukari, vidonda vikasafishwa, akafundishwa chakula na namna ya kutunza miguu, na unga wakamwambia aache. Hadithi hii ni ya wengi: Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 24 katika ukanda wake wa Afrika wana kisukari, na zaidi ya nusu yao hawajijui.

Kurudi kwenye kiti

Alirudi kwangu vidonda vilipopona na mhudumu wa kliniki alipokubali akandwe kwa upole. Tulipanga upya kila kitu kwa ajili ya miguu isiyohisi vizuri. Maji ya kunawia yawe ya uvuguvugu, na anayepima joto ni binti kwa kiwiko chake, kamwe si mama kwa mguu wake. Vijiti vya mbao ambavyo baadhi ya wakandaji huvitumia kubonyeza nukta havigusi miguu hii. Mafuta yanapakwa juu na chini ya mguu, ila katikati ya vidole panakaushwa na kubaki pakavu, kwa sababu unyevu hapo huleta fangasi. Msukumo wa kidole gumba ni wa kiasi kisichobadili rangi ya ukucha wangu. Nautazama ukucha badala ya kumtegemea yeye aseme.

Kipindi ni dakika arobaini na tano. Naanza kwa kuzishika nyayo mbili tu, bila kusugua, mpaka pumzi yake ishuke. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa maoni yangu, kuliko nukta zote za kwenye ramani. Mkono ulio na joto, usio na haraka, unaogusa kwa uzito ule ule bila kushtukiza, unaupa mwili ruhusa ya kulegea. Mapigo ya moyo yanapungua kasi, mabega yanashuka, taya inaachia. Baadaye nazungusha vifundo, navuta vidole kimoja kimoja, halafu kidole gumba kinapita unyayo mzima, wa kushoto kisha wa kulia. Namalizia kwa kuzishika tena.

Binti nilimfundisha nyumbani afanye robo saa kabla ya kulala. Nilikuwa na sababu ya kulipa uzito jambo hilo. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Gwen Wyatt walitoa matokeo ya utafiti kuhusu wanawake 256 wenye saratani ya matiti, ambapo ndugu na marafiki walifundishwa kuwafanyia refleksolojia nyumbani kwa wiki nne. Wale waliokandwa walipungukiwa na uzito wa dalili zao kuliko wasiokandwa. Saratani haikutibiwa kwa kukandwa na hakuna aliyedai hivyo. Watu walipata nafuu, na mkono uliowapa nafuu ulikuwa wa ndugu.

Kipi kilileta usingizi?

Baada ya miezi kadhaa mama analala. Anaamka mara moja, usiku mwingine hata mara moja haifiki. Angekuja mtu na kamera angepata ushuhuda mzuri kwa tangazo: alikuwa halali, akakandwa, sasa analala. Tangazo hilo nisingelikubali.

Sukari iliposhuka, haja za usiku zilipungua. Hiyo ndiyo sababu kubwa na ni ya vidonge na chakula. Chai ya rangi iliyokolea, aliyoinywa baada ya isha huku anamalizia nguo za watu, ameihamishia asubuhi na bila sukari. Msimu wa sare ulikwisha, kwa hiyo hashoni tena mpaka saa sita za usiku. Wasiwasi wa figo ulimwondoka baada ya kupimwa na kuambiwa ziko salama. Na wasiwasi peke yake unaweza kumkeshesha mtu. Ukishaviondoa hivyo vyote, kinachobaki mikononi mwangu na mwa binti ni nini? Kwa mteja mmoja siwezi kukipima, na sitakipa namba ya kubuni.

Tafiti nazo zinafundisha unyenyekevu. Mwaka 2009 Edzard Ernst wa Uingereza alikusanya majaribio 18 ambamo washiriki waligawanywa makundi kwa kura ya bahati, akahitimisha kwamba hayathibitishi kuwa refleksolojia inatibu ugonjwa wowote. Utafiti wa Wyatt wa mwaka 2012, uliohusisha wanawake 385 wenye saratani ya matiti iliyosambaa, uliona waliopata refleksolojia wakifanya shughuli za mwili kwa urahisi zaidi na kupungukiwa na tatizo la kukosa pumzi. Lakini kundi lililosuguliwa miguu kwa namna ya kawaida, bila ramani, ndilo lililopungukiwa na uchovu. Matokeo hayo hayanivunji moyo hata kidogo. Yananiambia kwamba mguso wenyewe una kazi, na nijivunie huo.

Mwenzangu mmoja wa fani hii tulibishana juu ya kisa hiki. Hoja yake ilikuwa kwamba ukimwambia mteja unampa mapumziko tu, hatalipa. Watu wa kwetu hulipia tiba. Nimeona vinginevyo. Huyu mama anajua fika kwamba simtibu sukari, na bado anakuja. Nilipomwuliza anapata nini hapa, alijibu bila kufikiri: "Hii ndiyo saa pekee ambayo hakuna mtu ananidai nguo yake." Mwanamke anayelea, anayepika, anayeshona mpaka kope zinamuuma, na ambaye sasa ana ugonjwa wa kuishi nao maisha yake yote, anahitaji saa hiyo. Inastahili kulipiwa kwa jina lake halisi.

Mengine hayajanyooka. Moto wa nyayo umepungua jioni nyingi, si zote. Ganzi ya vidole iko pale pale, na kwenye kliniki walimwambia huenda isirudi. Anashona akiwa amevaa viatu laini vilivyofunika vidole, pini zinakaa kwenye kopo lenye sumaku ndani, na kila usiku kabla ya kukandwa binti anamulika nyayo kwa tochi ya simu, moja baada ya nyingine, kutafuta mchubuko. Macho bado hayajapimwa. Kisukari hugusa macho pia, na kwa mtu ambaye riziki yake ni kutunga uzi kwenye tundu la sindano, hicho ndicho kipimo ninachowahimiza kila wanapokuja. Miadi ipo, na binti amesema atafunga genge lake siku hiyo ampeleke mwenyewe.